Uyoga unaotafunika kama nyama: acheni kuuchemsha

BintiUrambo

Wapendwa wa jukwaa la mapishi, salaam.

Jumapili tulialikwa chakula kwa jirani. Mama wa watu alihangaika, akanunua pakiti sita za uyoga mamama (wengine huuita oyster) ili sisi tuliofunga nyama Kwaresima hii tupate cha kutafuna. Ulipofika mezani ulikuwa unaelea kwenye maji ya kijivu, kila kipande kinateleza kama bamia. Mwanangu aliuzungusha mdomoni, mwisho akaumeza bila kutafuna. Iliniuma, maana asubuhi nilikuwa nimeuona uyoga uleule ukiwa bado kwenye pakiti: mweupe, mnene, kingo zimejikunja kwa chini. Uyoga wa kuchaguliwa kabisa. Uliharibikia jikoni, ndani ya dakika kumi za kwanza.

Naweka hapa ninavyoupika mimi, na wenye ujuzi zaidi waongeze.

Kwanza tujue tunachoshika. Kilo moja ya mamama mbichi ina karibu gramu 900 za maji. Ukiubandika pamoja na mafuta, kitunguu na nyanya, maji yote hayo yanatoka kwa mpigo na uyoga unachemkia kwenye jasho lake. Hauwezi kupata rangi wala harufu hata uuache jikoni nusu saa. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kuyatoa maji, mengine yote yanafuata.

Usiuloweke. Mamama wa shambani ni msafi, unafutwa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Halafu weka kisu pembeni. Uchane kwa mikono, ukianzia kwenye mwavuli ukishuka na shina, vipande vya upana wa kidole. Utaona unachanika kwa nyuzi, sawasawa na kidari cha kuku wa kienyeji kilichoiva. Nyuzi hizo ndizo zinazokupa ile hali ya kutafuna nyama. Kisu kinazikata katikati.

Weka kikaango kipana motoni, kikavu, bila tone la mafuta, kipate moto hasa. Tandaza uyoga tabaka moja, usiurundike. Ukiwa mwingi pika kwa awamu mbili au tatu. Kisha uuache. Mvuke utapanda, maji yatajaa kikaangoni mpaka udhani umeharibu, na utasikia yanachemka. Kaa hapohapo usikilize. Maji yakikauka sauti inabadilika, ile ya kuchemka inakatika na inaanza kuchachatika, kavu, moja moja. Hapo ndipo unatia mafuta vijiko viwili, unageuza, unaacha tena dakika nne au tano hadi kingo ziwe za kahawia. Chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga vinaingia mwishoni.

Uyoga ukishafika hapo unaweza kuuingiza popote: rosti, nazi, karanga, hata ukala hivyohivyo kwa chapati.

Kiberiti

Dada BintiUrambo, asante sana. Swali langu: mimi nikipika muda mrefu naogopa utapondeka uwe uji. Hizo awamu zote haziumalizi?

BintiUrambo

Hauwezi kupondeka, kaka. Mchicha ukizidisha moto unalegea, samaki anavunjika, lakini uyoga hata upike saa nzima bado utautafuna. Kuta za seli zake zimejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye gamba la kamba na la panzi, na moto wa jikoni hauiyeyushi. Wasiwasi uwe kwenye kuungua, na kwenye kuutoa mapema maji yakiwa bado ndani.

Na usishangae ukipungua. Kikaango kilichojaa kitakuachia sahani moja. Kwa watu wanne mimi napima pakiti nne za robo kilo.

MamaNasra

Binti, mimi niko Tanga, nimepika uyoga wa nazi kabla hujazaliwa na sijaanza na kikaango kikavu hata siku moja. Natia uyoga kwenye tui la pili na kitunguu, bizari kidogo, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, unachemka taratibu. Tui la kwanza linakuja mwisho, sikorogi sana, sikubali lichemke kwa nguvu lisije likakatika. Wageni wanaramba vidole. Unasemaje?

BintiUrambo

Shikamoo mama. Nasema tui lako la pili linakauka taratibu muda mrefu, kwa hiyo maji ya uyoga yanaondoka pia, ila kwa njia ndefu. Mapishi ya aliyekosea yanakuwa na haraka na moto mdogo kwa pamoja. Nakuomba ujaribu mara moja tu: ukaushe uyoga kikaangoni kwanza, ndipo uutie kwenye tui lako la pili. Nazi itaingia kwenye uyoga, kwa sababu yale maji yake yameshapisha nafasi.

MamaNasra

Marahaba. Nitajaribu Ijumaa nikuletee majibu.

JikoLaMkaa

Kwa wapenzi wa mishkaki: ule mkubwa usiuchane, acha vichane vyake vizima vikiwa vimeshikana shina. Weka kwenye kikaango cha moto halafu ugandamize kwa kikaango kingine kizito juu yake, au sufuria yenye maji. Unasinyaa, unabanana, unakuwa mnene kama kipande cha steki. Geuza, gandamiza tena. Ukishakauka pande zote mbili ndipo unauroweka kwenye viungo: limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, binzari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, mafuta kidogo. Robo saa inatosha. Halafu chomeka kwenye vijiti, peleka kwenye mkaa uliokwisha kuwa na jivu.

Wengi wanaanza na viungo kwanza kama wanavyofanya kwa nyama. Uyoga mbichi umeshajaa maji, viungo vitakaa juu tu na vitaunguzwa na moto. Uliokaushwa unavinyonya mpaka ndani.

Kiberiti

Hilo la viungo baada ya kukausha sikuwahi kulisikia. Nimelinukuu.

MkulimaMamama

Mimi nalima mamama Morogoro, niongezee upande wa shambani maana ladha inaanzia huko.

Tunachemsha mabua ya mpunga kwenye pipa ili kuua vimelea, tunayaacha yapoe na kuchuja maji, tunajaza kwenye mifuko ya nailoni tukipanga tabaka la mabua na tabaka la mbegu. Mbegu yenyewe ni utando mweupe uliooteshwa kwenye punje za mtama. Mifuko inakaa chumba cha giza wiki kadhaa mpaka yote imekuwa myeupe, ndipo tunaitoboa, tunaingiza hewa na mwanga kidogo na tunamwagilia sakafu na hewani ili kuwe na unyevu. Uyoga unachomoza kwenye matundu. Kutoka vichwa vidogo kama vya kiberiti hadi kuchuma ni siku chache tu, unalala unaamka umekuwa mara mbili.

Kwa mnunuzi: angalia kingo. Zikiwa bado zimejikunja chini, uyoga ni mchanga na nyama yake ni laini. Zikiwa zimenyooka au zimepinda juu, umekomaa, umeanza kumwaga vumbi lake jeupe, shina limekuwa gumu. Harufu iwe safi. Ukisikia harufu ya samaki au ukigusa unateleza, rudisha. Na ukifika nyumbani uutoe kwenye nailoni uliyofungwa, uweke kwenye mfuko wa karatasi, ndani ya friji. Siku tatu nne unakuwa mzima.

Kwa wanaotaka kuanza kilimo, lile vumbi jeupe msilivute. Linaleta kikohozi na mzio. Mimi naingia bandani na barakoa.

MkuuTosha

Mtaje na faida zake basi. Uyoga una protini kuliko nyama ya ng'ombe, hilo linajulikana.

BintiUrambo

Ndugu yangu, hapa tuwe waangalifu, kuna mama anasoma ili amlishe mtoto. Hesabu hiyo inalinganisha uyoga uliokaushwa kabisa na nyama mbichi. Mamama mbichi gramu 100 una protini kama gramu 3 hivi. Nyama ya ng'ombe gramu hizohizo ina 20 au zaidi. Kwa hiyo uyoga unakupa ladha ya nyama na mtafuno wa nyama, protini uitafute kwingine. Ndiyo maana napenda sana mapishi ya karanga, na ndiyo maana mezani kwangu uyoga unakaa pembeni ya maharage au choroko.

Ladha yenyewe ina sababu. Uyoga una glutamati nyingi, ambayo iko pia kwenye nyanya zilizoiva, ndiyo inayokufanya uhisi kama umekunywa supu ya mifupa.

MkuuTosha

Nimekuelewa dada, nashukuru kwa kunisahihisha.

Msongea_wa_Kweli

Sisi watu wa Ruvuma uyoga na karanga ni ndugu. Naandika wa kukausha, maana huo ndio unaoliwa mwaka mzima.

Loweka uyoga mkavu kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa. Utoe kwa mkono, usimwage maji! Yale maji ya kahawia ndiyo supu. Yaache yatulie mchanga ushuke, yachuje kwa kitambaa safi. Suuza uyoga mara mbili tatu mpaka usisikie mchanga ukisaga kati ya vidole. Kaanga kitunguu, tia nyanya mbili tu, tia uyoga uukaange mpaka ukauke, mimina yale maji, uchemke. Karanga zako ziwe zimekaangwa kidogo na kutwangwa laini. Zikoroge na maji ya baridi kwenye bakuli kwanza, ukizitia kavu zitafanya madonge. Mimina, punguza moto, koroga kila mara kwa sababu karanga zinashika chini. Usitoe mpaka uone mafuta ya karanga yamepanda juu na kuzunguka kingo za sufuria. Ugali wa moto. Basi.

BintiUrambo

Ee Mungu, umenirudisha nyumbani. Naomba mniruhusu niandike kidogo nje ya jiko.

Kwetu Urambo mama alikuwa anatuamsha kabla jua halijatoka, siku ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa. Tulikuwa na vichuguu vyetu. Nasema vyetu kwa maana kila nyumba ilijua vyake, na hukumwambia mwenzio. Ukifika unaanza kuona udongo umepasuka, halafu vichwa vyenye ncha vya rangi ya udongo vinasukuma juu. Mama alitufundisha kutouvuta. Unachimba pembeni kwa kijiti, unafuata shina linaloshuka chini, refu, linakuwa jembamba kama mkia, hadi mkono unaishia kwenye kiwiko. Lile shina ndilo tamu kuliko vyote.

Nilipokua ndipo nikaelewa linakokwenda. Mchwa wale ni wakulima. Wanakusanya nyasi kavu na vijiti, wanavitafuna na kuvigeuza masega ndani ya kichuguu, na juu ya masega wanaotesha utando mweupe wanaoula. Mvua ikishatosha, utando unachomoza juu kama uyoga. Ndiyo maana huwezi kuuotesha kwenye mifuko kama mamama: unahitaji mchwa wake. Na ilibidi tuwahi alfajiri, maana jua likipanda mabuu yanaingia na jioni mwavuli umejaa matundu.

Upikaji wake ni uleule, isipokuwa huu wa kichuguu una nyuzi ndefu zaidi. Ukiuchana na kuukaanga, mtu asiyejua atakuuliza kuku ni wa aina gani.

Kuna mwingine, wa njano, wenye umbo la tarumbeta, unaota chini ya mitundu na miyombo. Huo hauna kichuguu. Nyuzi zake chini ya ardhi zimeshikana na mizizi ya mti wenyewe, uyoga unapewa sukari na mti unaletewa maji na madini ya udongo. Ukikata mti, uyoga umekwenda. Mwaka jana nilikwenda likizo nikamwomba mama tupite njia zetu. Sehemu tuliyokuwa tunajaza kikapu cha njano pamefyekwa. Kuni zimekwenda kukausha tumbaku, na palipobaki pamelimwa. Mama alisimama pale akaniambia, "Hapa ndipo tulipokuwa tunakata mboga ya mwezi mzima." Hakusema kingine, tukarudi. Jioni alinipikia wa akiba, wa kukausha, kutoka kwenye debe lake. Sikujua kama niule au niuhifadhi.

Mbena_Uppsala

Dada, umenigusa. Mimi ni wa Njombe, nipo Uswidi mwaka wa tisa. Agosti yangu ya kwanza huku wenzangu wa kazini walinichukua msituni kuchuma uyoga wanaouita kantarell. Nilipouona chini ya misonobari nilipiga kelele. Wa njano, tarumbeta, ile mikunjo chini ya mwavuli inayoteremka mpaka kwenye shina na haibanduki kama kurasa! Si aina ileile ya kwetu, ila ni ukoo mmoja kabisa, na harufu ni ileile ya tunda, wao wanasema aprikoti. Huku desturi ya nchi inamruhusu kila mtu kuingia msituni na kuchuma.

Na wanaupika kama ulivyoeleza: kikaango kikavu kwanza, maji yatoke yakauke, ndipo siagi. Nilidhani ni ujuzi wao, kumbe hata Urambo mnaujua.

Nikumbuke pia nyumbani: barabara kuu ukitoka Iringa kupita Mafinga, masika, watoto wamepanga sado na ndoo za uyoga kando ya lami. Nikirudi nikifika pale nashuka kwenye basi.

BowaLushi

Jambo kwenu wote. Sisi huku Lubumbashi tunaita bowa. Wakati wa mvua banamama wanapanga kando ya barabara. Kuna ule mkubwa sana wa kichuguu, mtoto anaweza kujikinga mvua chini yake. Wataalamu waliupa jina Termitomyces titanicus mwaka 1980, kwa uyoga uliotoka Zambia, na mwavuli wake unaweza kufika karibu mita moja. Mmoja unalisha nyumba nzima. Tunaukatakata kama nyama, tunaukaanga na vitunguu, tunakula na bukari, yaani ugali. Kukata kwa kisu huo hakuna shida, maana ni mnene.

MpendaMatoke

Kwetu Buganda kuna ukoo wa Butiko, mwiko wao ni uyoga, hawauli maisha yao yote. Mke wangu ni wa ukoo huo. Nikipika nyumbani napika nje na sufuria yangu, na nafurahi kumheshimu hivyo. Nawakumbusha tu mnapoalika wageni, ulizeni kwanza.

Kiberiti

Nimesoma habari za kuchuma porini na lazima niseme kilichonipata. Miaka mitatu nyuma mvua ilinyesha wiki nzima, kwenye nyasi za uwanja karibu na ninapoishi ukaota uyoga mweupe mkubwa, mzuri, una magamba ya kahawia juu. Nikasema huu ni ule wa bibi. Nikapika, nikala na mdogo wangu. Baada ya saa mbili tulikuwa tunatapika kwa zamu, tumbo linakata, tunaharisha maji. Tulilazwa usiku ule, tukatundikiwa dripu. Nakumbuka nilipoutupa uliobaki niliona chini ya mwavuli kuna ukijani. Tangu siku ile nanunua wa dukani tu.

NesiZamu

Pole sana Kiberiti. Ukijani ule chini ya mwavuli, na kuota kwenye nyasi, vinafanana sana na uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites. Unatesa tumbo kwa nguvu ila watu wengi hupona wakipewa maji ya kutosha.

Unaonitisha mimi ni ule usio na haraka. Uyoga wenye sumu iitwayo amatoksini, kama Amanita phalloides, mtu anakula na anausifia ni mtamu. Saa 6, 12, wakati mwingine hata zaidi, hakuna kitu. Halafu anatapika na kuharisha siku nzima. Kisha anapata nafuu, familia inashukuru, anarudishwa nyumbani. Wakati huo ini linaendelea kufa. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano, na hapo mara nyingi tumechelewa.

Nawaomba mzisahau hizi imani: kijiko cha fedha kikigeuka cheusi, kitunguu saumu kikibadilika rangi, eti konokono ameula kwa hiyo ni salama, eti ukichemsha na kumwaga maji sumu inatoka. Hakuna hata moja iliyo ya kweli. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha.

Na aliye ugenini asiamini macho yake ya nyumbani. Mwaka 2015 kule Ujerumani wakimbizi wengi, hasa Wasyria, walilazwa kwa kula uyoga wa porini waliochuma wenyewe, na kuna aliyefariki.

Mtu akiugua baada ya kula uyoga, mpelekeni hospitali hata kama amepata nafuu, na mbebe mabaki ya uyoga, ya jikoni au ya jalalani.

BintiUrambo

Asante sana nesi. Naongezea kwa uzito wote: mimi nimekulia kwenye uyoga, na nikiwa Morogoro au Pwani sichumi hata mmoja. Ninachokijua ni vichuguu vya Urambo nilivyoonyeshwa na mama, aliyeonyeshwa na mama yake. Uyoga wa porini nunueni kwa wamama wanaouchuma na kuula wao wenyewe kila mwaka, mkiwa kwao. Mapishi yote niliyoandika juu mfanye kwa mamama wa shambani, hampungukiwi kitu.

MamaNasra

Binti, nimerudi. Ijumaa nimekausha kikaangoni kwanza kama ulivyosema. Moshi ulinisumbua kidogo, nikafungua dirisha. Mchuzi umetoka mzito, na uyoga umeshika nazi mpaka katikati, ukikata unaona. Baba Nasra ameuliza kama nimetia nyama. Ila pilipili mbuzi niliitia mwisho pamoja na tui la kwanza, ikapoteza ule mnuko wake, wewe ukipika itie mapema na tui la pili.

BintiUrambo

Nitaitia mapema, mama. Nafurahi mpaka nashindwa kuandika.

Shangazi_Kibaha

Jamani nimechelewa. Nauliza: pilau ya uyoga inawezekana? Na kile kitako kigumu cha mamama, mnakitupa?

BintiUrambo

Pilau inawezekana shangazi, ila usiutie mamama mbichi kwenye mchele, utakulegezea wali. Kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia iliyokolea kama kawaida, viungo vyako, kisha pikia maji ya kulowekea uyoga mkavu ukiyapata, hayo ndiyo yatakuwa supu yako. Mamama uliokaangwa ukakauka unautandaza juu wakati wa kupalia, na unauchanganya kidogo wakati wa kupakua.

Kitako usitupe. Kikate, ukianike kwenye ungo juani siku mbili tatu mpaka kikivunjika kinalia. Jua pia linauongezea uyoga vitamini D. Halafu utwange kwenye kinu uwe unga, uchekeche, uhifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana. Kijiko kimoja kwenye sufuria ya maharage, robo saa kabla hujaipua.